UZI: Mwiba umetoka, moto umebaki. Namna seli inavyokufa na kwa nini mwili unawaka

MaabaraChake (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum wana jukwaa. Uzi huu nimekaa nao kichwani tangu bamvua iliyopita. Ni mrefu, nitauandika kwa vipande, kati ya zamu na zamu, kwa hiyo naomba subira.

Ami yangu ni mvuvi wa dema, Wesha, huku Pemba. Siku hiyo maji yalikuwa yamekupwa sana, akawa anazifuata dema zake kwa miguu, maji magotini. Akamkanyaga samaki aitwaye taa, aliyejifukia mchangani. Mkia ukapiga, mwiba ukaingia juu kidogo ya kifundo. Wenzake wakauchomoa, wakamfunga kikoi, wakampandisha pwani. Nyumbani akaosha kwa maji ya chumvi, akafungua vidonge vile vya rangi mbili na unga wake akaumwagia kidondani, kama wengi wetu tunavyofanya.

Nimekwenda kumtazama siku ya nne. Kitambaa nimekifungua mwenyewe. Katikati nyama ilikuwa imegeuka rangi ya makonyo ya karafuu yaliyokauka, nikiigusa hasikii kitu. Kuzunguka weusi ule kulikuwa na duara la wekundu, upana wa vidole viwili, ngozi imevutika inang'aa, na joto lake nililisikia kabla kiganja hakijagusa. Akaniuliza:

"Mwanangu, mwiba tumeutoa. Damu imekata. Wadudu nimewamwagia dawa. Sasa huu moto unatoka wapi?"

Hospitali tulikwenda siku ileile, na habari ya mguu nitaimaliza mbele. Lakini lile swali limenikaa. Mimi ni mtu wa maabara, kila siku naangalia seli kwenye darubini, zilizo hai na zilizokufa, na nadhani tumezoea kuwafundisha watu nusu ya jambo. Tunasema: uvimbe na homa ni mwili kupigana na vidudu. Kweli. Nusu ya pili hatuisemi: mara nyingi mwili hauwaki kwa sababu ya kidudu, unawaka kwa sababu ya namna seli zake wenyewe zilivyokufa. Moto wa ami ulikuwa unatoka kwenye zile nyama nyeusi.

Katika uzi huu nitatumia neno mwako. Maana yangu ni yale mambo manne ambayo Celsus, Mrumi, aliyaandika karibu miaka 2,000 iliyopita: wekundu, uvimbe, joto, maumivu.

MaabaraChake

Nianze na kifo cha kimya.

Sote tumefagia majani ya mti wa mkungu uani. Jani linageuka jekundu, mti unajifunga wenyewe pale kikonyo kinaposhikana na tawi, kisha jani linadondoka. Utazame pale lilipotoka, hapana utomvu, hapana jeraha, pana kovu kavu tu. Sasa lishike tawi bichi la mkungu huohuo ulivunje. Linachanika, linatoa maji, na mti unabaki na kidonda.

Seli nazo zina njia hizo mbili. Ile ya jani ilipewa jina mwaka 1972 na watu watatu waliokuwa wakifanya kazi pamoja Aberdeen, Scotland: Kerr, Wyllie na Currie. Walimwendea profesa wa Kigiriki wa chuo chao, James Cormack, akawapa neno linalosemwa kwa majani yanayodondoka mtini. Ndiyo apoptosi. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilikuwa nimekaa chini ya mkungu, na tangu siku hiyo siwezi kulifikiria jambo hili kwa mfano mwingine.

Seli inayokufa kwa apoptosi hainyang'anywi uhai, inajimaliza kwa utaratibu. Vimeng'enya viitwavyo kaspasi vinaamka na kukata vitu vya ndani kimoja baada ya kingine. DNA inakatwa vipande. Seli inanywea, inajigawa vifurushi vidogovidogo, na kila kifurushi kimefungwa na utando wake, hakuna kinachomwagika. Halafu kuna mafuta fulani ya utando, fosfatidilserini, ambayo katika seli nzima hukaa upande wa ndani. Seli inayokufa hivi huyageuza yakatokea nje. Makrofaji, yaani zile seli kubwa za kusafisha, zikiyaona zinajua hiki ni chakula. Zinameza. Na makrofaji iliyomeza kifurushi cha namna hiyo hutoa vitu vya kutuliza, inawaambia wenzake hapa hapana jambo.

Mtu mzima hupoteza seli kwa njia hii makumi ya mabilioni kila siku na haumwi popote. Vidole vyetu vimeachana hivyo tumboni mwa mama, ngozi iliyokuwa katikati yake ilikufa kwa zamu. Kuna mnyoo mdogo wa urefu wa milimita moja, C. elegans, ambao hutengeneza seli 1,090 za mwili wake na katika hizo 131 hufa, tena zilezile, kwa kila mnyoo. Kwa kuufuatilia mnyoo huo na vinasaba vinavyoamua kifo hicho, Brenner, Horvitz na Sulston walipewa Nobeli mwaka 2002.

Kifo cha tawi kuvunjwa ndicho cha mguu wa ami. Sumu ya taa ilizipasua seli, na kilichokuwa ndani kikamwagika nje. Ndani ya seli kuna vitu ambavyo nje havina kazi. ATP, ambayo ni nishati yake. Protini iitwayo HMGB1, ambayo kazi yake ya kila siku ni kukaa na DNA ndani ya kiini. Asidi ya uriki. Vipande vya DNA. Seli jirani zina vipokezi vya kuvionja vitu hivi, na zikivionja zinaelewa kwamba hapa kuna mtu amevunjwa. Mishipa midogo inatanuka, ndiyo wekundu na joto. Kuta zake zinaachia maji, ndiyo uvimbe. Neva zinachokozwa, ndiyo maumivu. Kidudu hakijaingia bado katika hesabu hii.

Mwaka 1994 Polly Matzinger aliandika kwamba kinga haiangalii tu nani mgeni na nani mwenyeji, inaangalia kama kuna hatari. Wengi walimpinga, na mpaka leo si kila kitu alichosema kimekubalika, lakini hili la seli iliyopasuka kuwa ni mlio wa hatari halina ubishi tena.

KojaniKwetu

Yakhe umenigusa, taa kamchoma ndugu yangu miaka miwili nyuma, kidonda kilikwenda miezi. Nina mawili. Kwanza, huo unga wa vidonge ina maana haufai? Pili, mbona kidonda kikitoa usaha wazee wanasema uchafu unatoka, ni kheri? Usaha ni nini hasa?

MaabaraChake

Kojani, pole ya ndugu yako.

Unga haufai, tena sisemi kwa dharau maana ami yangu mpenzi ndivyo alivyofanya. Antibayotiki huua bakteria. Ikiwa kinachowasha moto ni nyama iliyokufa, dawa ile haina cha kuua. Mbaya zaidi, unga unaganda juu ya kidonda, chini yake bakteria wanapata pa kujificha, na kipimo kidogo kisicho na hesabu ndicho kinachowafundisha bakteria usugu. Antibayotiki inayohitajika mgonjwa huimeza au huchomwa sindano, kwa siku alizoandikiwa.

Usaha sasa. Hili nalipenda.

Kengele ya hatari ikilia, wa mwanzo kufika ni nyutrofili. Ni seli nyeupe zilizo nyingi kuliko zote katika damu, na maisha yake ni mafupi, siku moja au kidogo zaidi. Uboho unazitoa kwa mabilioni kila siku. Zikifika kidondani zinameza bakteria, zinamwaga vimeng'enya, na baadhi yake zinafanya jambo ambalo mvuvi atalielewa kuliko daktari. Zinarusha kimia. DNA ya seli yenyewe inafunguka, inatoka nje ikiwa imepakwa protini za kuulia bakteria, inatanda, na bakteria wanakwama ndani yake. Nyutrofili nyingi zinakufa kwa kufanya hivyo. Jambo hili lilitangazwa mwaka 2004 na watafiti wa Berlin, na jina walilolipa kwa Kiingereza ni hilohilo, NETs, yaani nyavu.

Nikiweka usaha chini ya darubini naona nini? Nyutrofili, nyingi zimekufa au zinakufa, kiini chake kilichogawanyika mafundo kimevimba au kimenywea. Baina yake nyuzi za DNA zilizochanganyikana, ndizo zinazoufanya usaha unate na kuvutika. Vipande vya nyama. Bakteria huku na huku. Kwa hiyo wazee hawakukosea kwamba ni kheri utoke, maana ukibaki ndani zile nyutrofili zilizokufa zinaanza nazo kupasuka, na kila inayopasuka inapiga kengele upya. Jipu linalotumbuliwa na mtu anayejua, kwa chombo safi, linatulia haraka kwa sababu hiyo. Lisibinywe na vidole tu.

Na hapa ndipo vifo viwili vinapokutana. Mambo yakienda vizuri, nyutrofili ikimaliza kazi hufa kwa apoptosi, makrofaji ikaimeza, na kule kumeza ndiko kunakoiambia makrofaji iache vita ianze kujenga. Yaani mwako hauzimiki kwa kuchoka. Unazimwa, na kinachouzima ni kifo kilichokwenda kwa utaratibu na maiti zilizoondolewa kwa wakati.

Kuna watu ambao maiti hizo haziondolewi vizuri. Ugonjwa wa lupasi, kwa sehemu kubwa, unaanzia hapo: mabaki ya seli yanakaa, kinga inakutana na DNA ya mwenyewe siku baada ya siku, mwisho inatengeneza silaha dhidi yake. Watu wachache sana duniani huzaliwa bila protini moja ya damu, C1q, inayosaidia usafishaji huo, na wengi wao hupata lupasi.

MwanafunziSUZA

Kaka asante sana. Tumesoma apoptosi na nekrosi skuli, tukaambiwa moja ni ya mpango na nyingine ni ajali. Lakini nimesikia siku hizi kuna vifo vya mpango vinavyopasua seli. Mbona hii inapingana na ulichosema?

MaabaraChake

Haipingani, dada au kaka, ndiyo sehemu nzito ya uzi na nilikuwa naikusanyia nguvu.

Tulichofundishwa skuli kimepitwa. Seli inaweza kuamua kupasuka. Swali ni kwa nini iamue jambo linalochoma jirani zake.

Chukua bakteria wa Shigella, yule wa kuhara damu. Anaingia ndani ya makrofaji, seli ileile iliyokuja kummeza. Ndani mle amejificha, kingamwili za damu hazimwoni. Mwaka 1992 Arturo Zychlinsky na wenzake, Paris, walionesha kwamba makrofaji zilizoingiwa na Shigella hufa. Wakadhani ni apoptosi. (Zychlinsky huyo ndiye baadaye aliyekuwamo katika habari ya nyavu, Berlin.) Ikachukua karibu miaka kumi kufahamika kwamba kifo kile hakina kimya hata kidogo, kinapasua seli na kumwaga vitu vinavyoleta homa. Mwaka 2001 kikapewa jina la piroptosi, kutoka neno la Kigiriki la moto.

Inavyokwenda ni hivi. Ndani ya seli kuna walinzi, protini zinazonusa vitu visivyostahili kuwamo: kipande cha mkia wa bakteria, sumu yake, DNA iliyopotea njia. Mlinzi akinusa, wanakusanyika wengi, wanashikana duara kama gurudumu. Mkusanyiko huo Jürg Tschopp na wenzake, Uswisi, waliuita inflamasomu mwaka 2002. Gurudumu hilo linaamsha kaspasi nyingine, kaspasi-1, na hiyo inafanya mambo mawili kwa pigo moja. Inakata interleukini-1 na kuikamilisha, ambayo ndiyo ikifika kwenye ubongo inapandisha homa. Na inakata protini iitwayo gasdamini D. Kipande cha gasdamini kilichokatwa kinakwenda kwenye utando, kinaungana na vipande wenzake, kinatoboa tundu. Matundu mengi. Interleukini inatokea mle. Hili la gasdamini lilijulikana mwaka 2015, karibuni tu. Na mwaka 2021 ikaonekana kwamba hata kupasuka kwa mwisho, utando kuraruka kabisa, si ajali ya kujaa maji kama tulivyodhani miaka yote. Kuna protini inayofanya kazi hiyo, ninjurini-1. Seli ina chombo cha kujirarua.

Sasa kwa nini? Kwa sababu makrofaji iliyotekwa ni nyumba ya adui. Ikifa kimya, vifurushi vyake vitamezwa na adui yumo ndani, atahamia kwa jirani bila mtu kujua. Ikipasuka, adui anatupwa nje uwanjani, kengele inalia, nyutrofili zinakuja na kimia. Ndiyo gharama, na mwili umekubali kuilipa.

Adui naye hakulala. Virusi vingi vimejifunza kuzuia kaspasi, ili seli wanayoishi isife mapema. Mwili una mlango wa pili, nekroptosi. Kaspasi-8 ikizuiwa, protini mbili, RIPK1 na RIPK3, zinashikana na kumwamsha wa tatu, MLKL, naye anapasua utando. Kaspasi-8 ikiwa nzima, mlango huu umefungwa. Ushahidi wake unanishangaza mpaka leo. Panya wa maabara akinyimwa kaspasi-8 anafia tumboni mwa mama. Ukimnyima kaspasi-8 na RIPK3 pamoja, anazaliwa, anaishi. Yaani kaspasi-8, ambayo vitabu viliitaja kuwa mwuaji, kazi yake kubwa kwa kijusi ilikuwa ni kuuzuia mwuaji mwingine. Matokeo haya yalitoka mwaka 2011. Kama kuna mwanafunzi anasoma hapa na anatafuta jambo la kulifanyia kazi maisha yake yote, hili halijesha.

Nitaje na VVU kwa ufupi. Mwaka 2014 ilioneshwa kwamba katika tezi, seli nyingi za kinga ziitwazo CD4 zinazokufa si zile virusi vilizofanikiwa kuzaliana ndani yake. Ni zile ambazo virusi viliingia vikakwama njiani. Walinzi wananusa DNA ya virusi, seli inajipasua kwa piroptosi, mwako unaita CD4 nyingine zije, nazo zinakumbwa na yaleyale. Kinga inajimaliza kwa kujaribu kujilinda.

MamaWaMikunguni

Nasoma tangu jana usiku. Mwanangu ana selimundu, ana miaka saba. Akishikwa na maumivu analia mpaka sauti inakauka, na hospitali wakipima vidudu mara nyingi hawaoni kitu, lakini joto analo. Watu wananiambia nimemtia baridi. Je, hili la seli kupasuka linamhusu?

MaabaraChake

Mama, linamhusu sana, na hukumtia baridi.

Seli nyekundu za mtoto wako zinapasuka mapema kuliko za wengine. Za kawaida huishi siku 120 hivi, za mwenye selimundu ni kama siku 10 hadi 20 tu. Ikipasuka, inamwaga himoglobini, na ndani yake mna kitu chenye chuma kiitwacho hemi. Hemi ikiwa huru katika damu inafanya kazi ya ile kengele. Inazichokoza kuta za mishipa na seli nyeupe, mishipa inanata, seli zilizopinda zinakwama, nyama iliyo mbele inakosa hewa, nayo inaanza kufa, ikifa inapiga kengele zaidi. Ni duara. Ndiyo maana anaweza kuwa na joto na maumivu makali na kidudu kisionekane.

Lakini nisikilize kwa makini hapa. Joto kwa mtoto wa selimundu usikae nalo nyumbani ukasema ni seli tu. Wengu lake mara nyingi limeshaharibika, na bakteria wakiingia kwenye damu yake wanakwenda haraka. Kila joto ni safari ya hospitali, siku hiyohiyo. Hakikisha anakunywa maji mengi, chanjo zake zimekamilika, na uliza kuhusu haidroksiyurea kama hajaanzishiwa. Dawa hiyo huongeza himoglobini ya kitoto, ambayo haipindi, na hupunguza zile seli nyeupe zinazochochea. Allah akupe nguvu.

MamaWaMikunguni

Amin. Hili la wengu hakuna aliyeniambia kwa maneno ya kueleweka. Nitauliza kliniki Jumatatu.

DarajaniBoy

Kwa hiyo mkuu suluhisho si kuzima huo mwako tu? Mimi nikivimba nameza daiklofenaki, kesho niko sawa. Na zile sindano za deksamethasoni ni kiboko.

MaabaraChake

Ndugu yangu, hapa ndipo ninapoogopa, na nitasema waziwazi.

Daiklofenaki inazuia vitu viitwavyo prostaglandini. Kengele inaendelea kulia, wewe umeziba masikio. Kwa mguu ulioteguka, siku mbili tatu, sawa. Ukiigeuza ya kila siku, tumbo linatoboka na figo zinaumia, tena kimya.

Deksamethasoni ni dawa kubwa, inaokoa na inaua, na tofauti ni wakati na mgonjwa. Juni 2020 utafiti mkubwa wa Uingereza ulitangaza matokeo ya UVIKO. Kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, dawa hii ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja. Kwa waliolazwa lakini hawajahitaji oksijeni, haikuwasaidia kitu. Ugonjwa mmoja, dawa moja. Wa mwanzo walikuwa wanauawa na mwako wao wenyewe, wa pili walikuwa bado wanauhitaji.

Homa ya uti wa mgongo inayotokana na kifua kikuu: utafiti wa Vietnam wa mwaka 2004 ulionesha deksamethasoni pamoja na dawa za TB inapunguza vifo. Malaria ya ubongo: madaktari walidhani itakuwa hivyohivyo, maana na huko ubongo unavimba. Ikajaribiwa Thailand, matokeo yakatoka 1982, na waliopewa walikaa muda mrefu zaidi bila fahamu na wakapata matatizo mengine zaidi. Huwezi kukaa barazani ukaujua upande upi.

BintiMakunduchi

Mimi nina habari ya marehemu babu. Zile kampeni za dawa za matende, alipokunywa akapata homa na korodani zikavimba kwa siku kadhaa. Mtaa mzima ukasema dawa ina sumu, wengine wakatupa za kwao. Nimekuwa mtu mzima na bado nina wasiwasi ule.

MaabaraChake

Binti, umeleta mfano ambao mimi mwenyewe nilipaswa kuanza nao.

Zanzibar tulianza kugawa dawa hizo kwa wote, Unguja na Pemba, mwaka 2001, aivameksini pamoja na albendazo. Minyoo ya matende mikubwa hukaa ndani ya mirija ya limfu, na kwa wanaume mara nyingi ni ile ya korodani. Watoto wake wanaogelea katika damu usiku. Mnyoo ulio hai umejifunza kuituliza kinga, anaweza kukaa miaka na mtu asijue. Dawa ikiwaua, wanapasuka, na ndani ya mwili wa minyoo hiyo wanaishi bakteria wao wenyewe, Wolbachia. Vyote vinamwagika kwa pamoja. Kinga ambayo ilikuwa imelazwa inaamka na kukuta mzigo wote umeshushwa mlangoni. Homa, uvimbe, vinundu, siku chache. Kwa hiyo homa ya babu yako ilikuwa ni alama kwamba minyoo alikuwa nayo na inakufa. Wengi wasiokuwa na minyoo hawakusikia kitu, ndiyo maana mtaani ikaonekana dawa inamchagua mtu.

Tulikosea sisi wa afya. Tuligawa vidonge bila kuwaambia watu sentensi hiyo moja mapema.

Kichocho nacho kina sura ya namna hii. Maumivu na damu kwenye mkojo havitokani sana na mdudu mkubwa, vinatokana na mayai yaliyokwama kwenye ukuta wa kibofu, na kinga inavyoyazungushia seli mpaka panakuwa pagumu. Hapa Pemba, Maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi imefanya kazi ya magonjwa haya kwa zaidi ya miaka 20.

MzeeWaForodhani

Na jongo? Kidole gumba cha mguu changu kikishikwa hata shuka sitaki iniguse.

MaabaraChake

Shikamoo mzee. Jongo ni ile asidi ya uriki niliyoitaja mwanzo, ambayo seli iliyopasuka huimwaga. Ikizidi katika damu inaganda ndani ya kiungo kama sindano, na kinga inaichukulia kwamba kuna seli chungu nzima zimevunjwa pale. Inflamasomu inaamka, interleukini-1 inatoka, nyutrofili zinajaa. Ni kengele ya uongo. Kolchisini ni dawa ya siku nyingi sana na inazipunguza nyutrofili kasi ya kukimbilia pale. Punguza nyama na dagaa, mzee, na upimwe figo.

KojaniKwetu

Sasa maliza habari ya mguu. Na utuambie taa akimchoma mtu tufanye nini palepale.

MaabaraChake

Palepale: maji ya moto. Si ya kuchemka. Kiasi cha nyuzi 45, joto ambalo mguu *mzima* unaweza kulivumilia, na ujaribu kwa mguu mzima kweli, maana uliochomwa hausikii sawasawa na utamuunguza mwenzio. Uzamishe nusu saa mpaka saa moja na nusu. Sumu ya taa inavunjika kwa joto, maumivu yanashuka sana. Kama mwiba umeingia kifuani, tumboni au shingoni, usiuchomoe, mkimbizeni hospitali nao. Ulioingia mguuni pia uonwe na daktari siku hiyo, kwa sababu ya pepopunda na kwa sababu ya kile kilichotukuta sisi.

Kilichotukuta ni hiki. Daktari aliikata ile nyama nyeusi yote mpaka akafika penye kutoa damu. Ndani kabisa akatoa kipande cheupe, laini, urefu wa punje ya mchele: ngozi inayouvika mwiba wa taa, yenye sumu yake, ilikuwa imebaki. Akakiweka kwenye chachi akamwonesha ami. Ami akakiangalia kwa muda mrefu, hakusema kitu.

Siku ya tatu baada ya pale lile duara jekundu lilikuwa limerudi nyuma nusu. Wiki ya pili chini ya kidonda kulikuwa na nyama nyekundu yenye chembechembe, mfano wa ndani ya komamanga, na nilifurahi nikawaita hata watoto waione. Hapo makrofaji zilikuwa zimeshageuka kutoka vitani kuja kwenye ujenzi.

Jana nilikwenda Wesha. Ngozi mpya imefunga, bado nyembamba, rangi yake imekoza kuliko ya pembeni. Maji yalikuwa yamekupwa, naye yuko kule mbele kwenye dema zake. Nilimwona kwa mbali hanyanyui miguu tena. Anaikokota mchangani, taratibu, taa asikie mtu anakuja apate kuondoka.